Elimu ya Kiungwana: Habari za Chuo Kimoja Kidogo cha Kikatoliki katika California

Wasomaji wetu walio walimu wanajua kwamba neno chuo, kama litumikavyo leo, ni mahali pa kufundishia. Lakini wazee wa pwani walilitumia kwa maana mbili. Chuo kilikuwa kitabu, tena kilikuwa ile nyumba ambamo kitabu kilisomwa. Krapf, katika kamusi yake iliyopigwa chapa London mwaka 1882, aliiandika maana hiyo ya kitabu. Hata neno mwanazuoni limebeba ndani yake zuo, ndiyo vyuo kwa lahaja za kaskazini. Basi mwanazuoni ni mwana wa vitabuni. Maana hii ya kale karibu imesahauliwa. Twataka kueleza habari za mahali ambapo zile maana mbili zimekutana tena, kwa watu wasiojua Kiswahili kamwe: chuo ambacho mwalimu wake mkuu ni kitabu.

Chuo hicho huitwa Thomas Aquinas College, yaani kimewekwa chini ya jina la Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Kipo katika bonde la milima karibu na mji wa Santa Paula, nchi ya California, huko Marekani. Ni chuo kidogo. Wanafunzi wake wa hapo California ni mia tatu na kitu, au mia nne hivi, nao wote husoma mambo yale yale kwa miaka 4, kisha hupata shahada moja tu. Hakuna anayesomea uhandisi wala ualimu wala biashara. Mzazi akiuliza mtoto wake atatoka na kazi gani, hujibiwa kwamba chuo hakimfundishi kazi. Jibu hili laweza kumkasirisha mzazi aliyeuza ng'ombe, nasi hatumlaumu. Lakini kwanza yafaa tujue maana yake.

Kwa Kilatini elimu ya namna hii huitwa artes liberales. Neno liberalis latokana na liber, mtu asiye mtumwa. Twaliitaje kwa Kiswahili? Wengine husema "sanaa huria," na neno hilo si baya, lakini twaona lina harufu ya soko kuliko ya watu. Kiswahili kina neno lake la zamani lililo karibu zaidi. Muungwana, kabla ya kuwa mtu mwenye adabu, alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiyenunuliwa wala kuuzwa. Adabu ilifuata baadaye, kama kivuli kifuatavyo mti. Elimu ya kiungwana, basi, ni elimu impasayo mtu aliye bwana wa nafsi yake, naye huitafuta si kwa ajili ya ujira bali kwa sababu kujua ni kwema. Seneca wa Roma alisema jambo hili hili katika barua zake: masomo hayo huitwa hivyo kwa kuwa yanamstahili mtu huru.

Liko na jambo jingine la kuwafurahisha wapenda lugha. Kilatini kina liber ya pili, maana yake kitabu. Cassiodorus, aliyeishi Italia katika karne ya 6, alipoeleza jina la sanaa hizi aliyafunga maneno haya mawili pamoja, kitabu na uhuru, akisema kitabu ni gome la mti lililobanduliwa na kuachwa huru. Wajuzi wa leo hawakubali, maana irabu ya neno moja ni ndefu na ya jingine ni fupi, wala hayana asili moja. Hata hivyo kosa lake linatupendeza kuliko usahihi wa wengine.

Sanaa zenyewe tangu kale zilihesabiwa kuwa 7. Tatu za kwanza ni za neno: nahau, mantiki na balagha. Nne zilizosalia ni za kipimo na hesabu: hesabu yenyewe, jiometri, muziki na falaki. Msomaji ataona kwamba majina mengi kati ya haya tumeyapata kutoka Kiarabu. Wala si ajabu, kwa kuwa wanazuoni wa Kiarabu walimsoma Aristotle na Ptolemy wakati ambapo Ulaya ilikuwa imesahau sehemu kubwa ya maandiko yao. Kitabu kikuu cha Ptolemy hata leo huitwa Almagest, jina lenye al ya Kiarabu mbele yake.

Sasa tueleze jinsi chuo hiki kilivyoanza, maana kilizaliwa katika ugomvi. Mwezi wa Julai 1967 wakuu wa vyuo vikuu vya Kikatoliki vya Marekani walikutana mahali paitwapo Land O'Lakes, katika Wisconsin, chini ya Padre Theodore Hesburgh wa Notre Dame. Wakatoa tamko kwamba chuo kikuu cha Kikatoliki hakina budi kuwa na mamlaka yake chenyewe, kisiwe chini ya amri ya mtu yeyote wa nje, awe wa serikali au wa Kanisa. Vyuo vingi vilifuata njia hiyo. Walimu wachache hawakuridhika. Miongoni mwao walikuwamo Ronald McArthur na Marcus Berquist, wote wawili walei. Mwaka 1969 walitoa andiko dogo la kueleza chuo cha namna nyingine. Hoja yao kwa ufupi ilikuwa hii: wengi hudhani ya kuwa imani ni kamba mguuni mwa mtu atafutaye ukweli, na kadiri kamba inavyolegea ndivyo atembeavyo, lakini ikiwa imani ni ya kweli, basi si kamba bali ni taa, na mwenye taa usiku hana haja ya kuizima ili aonyeshe kwamba yu huru.

Mtu aweza kukataa hoja hii. Lakini hawezi kusema kwamba waliotoa hoja walitafuta faida. Hawakuwa na mali, wala shirika la watawa la kuwategemeza. McArthur alikuwa amesoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, kisha akafundisha katika chuo cha Kikatoliki huko California. Sasa akawa mkuu wa chuo ambacho bado hakikuwa na ukuta. Mwezi wa Septemba 1971 walifungua milango kwa wanafunzi 33, katika nyumba za kupanga huko Calabasas. Mwaka 1975 wa kwanza wakahitimu. Mwaka 1978 chuo kikahamia Santa Paula, na kwa muda wakasomea katika majengo ya kuhamishika. McArthur aliongoza hata mwaka 1991.

Namna ya kufundisha hawakuivumbua wao peke yao. Tangu mwaka 1937 chuo cha St. John's, mjini Annapolis, ambacho si cha Kikatoliki, kilikuwa kimeacha vitabu vya shule na kuwapa vijana vitabu vya asili: si kitabu kinachosimulia alichosema Plato, bali Plato mwenyewe. Watu wa California wakachukua desturi hiyo, wakaipa kichwa na mkia, maana kwao masomo yote yameelekezwa kwenye teolojia. Mwaka wa kwanza husomwa Biblia yote. Wa pili Mtakatifu Augustino na mababa wengine. Wa tatu na wa nne Mtakatifu Tomaso. Kando yake ziko falsafa, hesabu, elimu ya viumbe pamoja na majaribio yake, Kilatini kwa miaka miwili, na muziki. Darasani hakuna mhadhara. Walimu hawaitwi maprofesa. Jina lao kwa Kilatini lina maana ya mlinzi, nasi tungesema mlezi. Kila mlezi hutazamiwa kuweza kufundisha masomo yote, si lile alilobobea tu, hata ikiwa amepata shahada kuu katika jambo moja. Twadhani walimu wengi wa shule zetu wangetetemeka kusikia hayo.

Tulichukue somo la Euclid, kwa kuwa ndilo wanaloanza nalo, na kwa kuwa laonyesha shauri lote. Kitabu cha Elements kina sehemu 13. Katika sehemu ya kwanza mna matamko 48. Mwanafunzi mmoja huitwa ubaoni bila karatasi mkononi, wenzake wakiwa wameketi kumtazama. La kwanza lasema hivi: umepewa mstari, juu yake jenga pembetatu yenye pande tatu sawa. Kijana huchora mstari. Huweka ncha ya bikari upande mmoja wa mstari, akapiga duara lenye upana wa mstari ule; kisha huweka ncha upande wa pili, akapiga duara jingine kama lile. Mahali maduara yakatanapo hutia nukta, akaiunganisha na ncha mbili za mstari. Ndipo atoe sababu: upande huu ni sawa na mstari, kwa kuwa yote miwili yatoka katikati ya duara moja hata ukingoni, na upande ule ni sawa na mstari kwa sababu hiyo hiyo, na vitu viwili vilivyo sawa na kitu kimoja ni sawa vyenyewe kwa vyenyewe. Basi imekwisha. Hakusema, "Mwalimu alituambia." Wala hakusema, "Imeandikwa."

Lakini haijaisha. Mwenzake aliyeketi nyuma aweza kuuliza: nani ametuambia kwamba maduara yale lazima yakatane? Macho yaona yanakatana, naam. Lakini tulipatana kutotegemea macho. Ukiyapitia maombi na kanuni za Euclid zote hutaona hata moja inayolisema jambo hilo. Wajuzi wa hesabu wameuona upungufu huo tangu zamani. Kijana wa miaka 18 aweza kuuona mwenyewe katika juma la kwanza, mradi mlezi anyamaze. Hapo ndipo kazi ya mlezi ilipo ngumu. Anajua jibu, ulimi wamwasha, kengele yakaribia, naye hana budi kungoja. Sisi tuliofundishwa kwa kuimba majedwali ya hesabu kwa sauti moja, tena tukafundisha wengine vivyo hivyo, twajua jinsi ilivyo shida kwa mwalimu kunyamaza. Mara nyingi tumeita kunyamaza huko uvivu. Tena tumekuwa wepesi wa kutamka mithali ya kuwa kuuliza si ujinga, huku nyuso zetu zikimwonyesha mtoto kwamba ni ujinga.

Tamko la 5 lina sifa mbaya tangu karne za kati. Waliliita daraja la punda, kwa kuwa mwanafunzi mzito hufika hapo akagoma kuvuka. Asiyevuka hurudi kesho ubaoni.

Mwaka wa pili huwaletea Ptolemy. Huyu aliishi Aleksandria katika karne ya 2, akafundisha ya kuwa dunia imesimama katikati na jua lazunguka. Kila mtoto wa shule anajua leo kwamba sivyo. Je, yafaa nini kupoteza miezi juu ya kosa? Nasi tuliwaza hivyo mwanzoni. Lakini angalia. Yule mtoto wa shule ajuaye kwamba dunia yazunguka jua, mwulize amejuaje. Atasema ameambiwa. Basi elimu yake kuhusu nyota ni uvumi tu, ijapokuwa uvumi wa kweli. Wa Santa Paula huzihesabu njia za sayari pamoja na Ptolemy, duara juu ya duara, mpaka waone jinsi hesabu yake inavyokubaliana na mbingu. Kisha humfungua Copernicus, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1543, na baada yake Kepler, na mwaka wa tatu Newton. Wakifika huko, ukweli wameulipia kwa jasho. Nao hujifunza kwamba mtu mwenye akili nyingi aweza kukosa kwa sababu nzuri, jambo ambalo laleta upole kwa mtu abishanaye.

Mwaka wa nne hufungua tena jambo walilolikubali mwaka wa kwanza. Lile ombi la 5 la Euclid, lihusulo mistari iwezayo kukutana na isiyoweza, walilipokea kama mtu apokeavyo shilingi. Sasa humsoma Lobachevsky wa Kazan, Urusi, aliyeanza mwaka 1829 kuchapisha jiometri ambamo ombi hilo halimo, wala haianguki. Tena mwaka huo huo wa nne husomwa Darwin, Marx, Nietzsche na Freud. Wako wasomaji wetu watakaoshtuka. Chuo kilichoanzishwa ili kuilinda imani chawapa vijana wake Marx na Nietzsche, na mkosoaji aliyechujwa na mwalimu mwema hawampi? Ndivyo. Waonavyo wao, adui asiyesikiwa kwa sauti yake mwenyewe hajajibiwa. Katika jambo hili twaona wameshika desturi ya Mtakatifu Tomaso mwenyewe, ambaye huanza kila swali kwa kuzipanga kwanza hoja zinazompinga.

Kuhusu desturi zao za kila siku tutasema machache. Darasani hukaa kuizunguka meza, hawazidi 20 hivi. Huvaa mavazi ya heshima, wala hawaitani kwa majina ya utotoni. Kila mmoja humwita mwenziwe Bwana fulani au Bibi fulani, na mlezi naye huwaita hivyo hivyo. Kwa watu wa Marekani, ambao hupenda kuitana kwa jina la kwanza hata na mgeni wa jana, hili ni jambo geni. Kwa mtu wa pwani si geni hata kidogo. Anajua kwamba ukitaka kumpinga mtu barazani bila kumtukana, heshima ya maneno hutangulia. Mabweni ya wavulana na wasichana yametengwa, wala hawaingiliani. Misa husomwa kila siku, hakuna anayelazimishwa. Nyakati za jioni liko baraza refu zaidi, la saa mbili, ambalo mlezi hulifungua kwa swali moja tu.

Lakini desturi iliyotushangaza kuliko zote ni hii. Mara mbili kwa mwaka mwanafunzi huitwa mbele ya walezi wake wote pamoja. Huketi, nao huanza kuzungumza habari zake wao kwa wao, kana kwamba hayupo: huyu husema sana katika baraza wala hasikilizi, huyu Kilatini chake chapanda, lakini ubaoni huogopa. Naye asikia yote. Wakiisha, hupewa nafasi ya kusema. Katika nchi zetu mtu husemwa nyuma ya mgongo, au hukemewa mbele ya watu. Lakini kusemwa kwa haki, mbele ya masikio yako mwenyewe, na watu wanaokutakia heri, ni kioo ambacho wengi hatujapata kujitazama ndani yake.

Mwisho wa mwaka wa nne kila mmoja huandika insha ndefu juu ya swali alilolichagua mwenyewe, kisha huitetea kwa mdomo mbele ya walezi.

Lawama zetu ni mbili. Ya kwanza, vitabu vyote ni vya Magharibi. Wenyewe hulisema wazi, wala hawadai kuwa ni vya dunia nzima. Tena yafaa kukumbuka kwamba Augustino alizaliwa Thagaste, Afrika ya kaskazini, mwaka 354. Hata hivyo kijana aweza kuhitimu huko akidhani ya kuwa hekima nje ya vitabu vile haijaandikwa.

Lawama ya pili ndiyo inayotugusa. Elimu ya kiungwana kwa watu wa kale ilikuwa na mtumwa nyuma yake. Muungwana alisoma kwa sababu mwingine alilima. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha dini na kusoma, pamoja na ukulima, useremala na kazi nyingine za mikono. Ilikuwa lazima, maana mtoto asiye na ndugu wala shamba angekula nini? Hatuwahukumu. Lakini tangu siku hizo, katika bara lote, wamekuwako wasemao kwamba mtoto wa Kiafrika yamtosha elimu ya mikono, na kwamba mantiki na falaki ni anasa. Kwa maneno mengine, waliokombolewa wapewe uhuru bila uungwana. Neno hili twalikataa. Wala hatulikatai kwa kudharau jembe. Hugo wa St. Victor, mwalimu wa Paris katika karne ya 12, alipopanga elimu zote aliweka sanaa 7 za mikono, ukulima ukiwa mojawapo, kando ya zile 7 za kiungwana.

Katika jambo hili chuo cha Santa Paula kina desturi inayostahili kutazamwa. Mwanafunzi asiye na fedha za kutosha hupewa kazi chuoni saa 13 kila juma: jikoni, bustanini, maktabani, kufagia vyumba. Yule aliyesimama asubuhi mbele ya Euclid jioni huosha sahani za wenzake. Mtumwa wa nyuma hayupo. Kazi ile yafanywa na mikono ile ile iliyoshika chaki.

Misiba haikukosekana. Tarehe 7 Machi 1009 ingekuwa zamani za makanisa makubwa. Lakini ilikuwa 7 Machi 2009 walipoweka wakfu kanisa lao, lenye kuba na mnara, lililochorwa na Duncan Stroik, na ambalo Baba Mtakatifu Benedikto XVI alikuwa amelibariki jiwe lake la pembeni mwaka uliotangulia. Thomas Dillon, mkuu wa chuo aliyelihangaikia jengo hilo, alikufa katika ajali ya gari huko Ireland mwezi uliofuata. Kisha jioni ya tarehe 4 Desemba 2017 moto ulizuka msituni karibu na chuo, upepo ukauchukua. Wanafunzi walihamishwa usiku ule. Moto ule uliteketeza ekari 281,893, na siku zile ulihesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote iliyoandikwa katika California. Wazima moto waliupa jina la Thomas, kwa kuwa ulianzia karibu na chuo. Majengo ya chuo yalisalimika, wanafunzi wakarudi vitabuni.

Mwaka 2019 chuo kilifungua tawi la pili upande wa mashariki, huko Northfield, Massachusetts. Majengo hayo yalikuwa ya shule ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1879 na Dwight L. Moody, mhubiri mashuhuri wa Kiprotestanti, nayo yalikuwa yamekaa miaka mingi bila wanafunzi. Utaratibu wa masomo ni ule ule wa Santa Paula; mwanafunzi mpya huanza kwa mstari mmoja ubaoni na maduara mawili.